Mafunzo ya usalama wa umeme kazini: anza na mama wa usafi

Mafunzo ya usalama wa umeme niliyohudhuria kabla sijaanza kuyatoa mwenyewe yalikuwa na sura moja. Watu wanaitwa ukumbini, mapazia yanavutwa, picha za mikono iliyoungua zinapita ukutani, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, chai inaletwa. Asubuhi iliyofuata mafunzo ya namna hiyo, kwenye kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi, nilimkuta mama wa usafi akipangusa bodi ya umeme kwa kitambaa kinachochuruzika maji, mlango wa bodi ukiwa wazi.

"Mama, jana hukuwapo ukumbini?" nikamuuliza.

"Mwanangu," akajibu, mkono ukiendelea na kazi, "mimi si mtu wa umeme. Waliitwa mafundi."

Kuhusu mwaliko alikuwa sahihi. Lakini asubuhi ile hakuna fundi aliyekuwa na mkono karibu na vyuma vyenye umeme kama yeye. Tangu siku hiyo orodha yangu ya wanafunzi huanza na watu wa aina yake.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa kazi ya kuandaa mafunzo: ofisa usalama, msimamizi, fundi mkuu, au yule aliyeambiwa tu "wewe ndiye unayejua umeme, wafundishe wenzako." Sheria za nchi yako na masharti ya leseni ya ufundi yako palepale. Hapa tunashughulika na jinsi ya kuyatoa mafunzo kwenye karatasi yaingie mikononi.

Hatua ya 1: Tembea kabla hujaandika

Tenga siku moja, na kama kuna zamu ya usiku, tenga na usiku mmoja. Beba daftari. Usianze na orodha ya vyeo kutoka ofisi ya utumishi, kwa sababu vyeo vinadanganya. Anza na kazi: nani anafanya nini, mkono wake unagusa nini, na miguu yake imekanyaga nini wakati huo. Swali la kuuliza si "unajua kuzima mashine hii?" Kila mtu atasema ndiyo. Sema "nionyeshe unavyoizima," kisha nyamaza uandike unachokiona. Utakutana na anayezima kwa kuvuta plagi kwa waya wake, na anayebonyeza kitufe cha kusimamisha akaamini kwamba umeme umekatika. Utakutana pia na asiyejua kabisa swichi kuu iko chumba gani.

Ukitembea, angalia pia yale mambo ambayo watu wameyazoea mpaka hawayaoni: nyaya mbili zilizochomekwa moja kwa moja kwenye soketi na kukazwa kwa njiti za kiberiti, fyuzi iliyozungushiwa kipande cha waya, plagi ya pini tatu iliyong'olewa pini ya ethi (ile ya kwenda ardhini) ili iingie, bodi ya umeme iliyozibwa na maboksi. Piga picha. Picha za kwenye jengo lao wenyewe zitawashtua kuliko picha yoyote uliyoitoa mtandaoni, maana mtu anatambua soketi yake.

Jioni, wapange watu katika makundi matatu. La kwanza ni wanaotumia umeme: karani, mshonaji, mpishi, mwendesha mashine. La pili ni wanaoukaribia bila kuukusudia: mpaka rangi mwenye ngazi ya alumini, dereva wa kreni, mchimba mtaro, dereva wa tipa anayeinua bodi la gari chini ya nyaya, na yule mama wa usafi. La tatu ni wanaoufungua: mafundi umeme, mafundi mashine, watu wa sola, watu wa majokofu na viyoyozi.

Kundi la pili ndilo linalosahaulika. Kundi la tatu linajua hatari yake, hata kama linaidharau. Kundi la pili halijui kwamba lipo.

Hatua ya 2: Fundisha mwili kwanza, waya baadaye

Somo hili ni la makundi yote, na linatosha kwa dakika arobaini. Huhitaji picha za kutisha, hesabu moja ubaoni inatosha.

Ngozi kavu ina ukinzani (uzuiaji wa umeme) mkubwa, unaoweza kufika makumi ya maelfu ya omu. Ikilowa kwa jasho au maji, ukinzani wa mwili mzima unashuka hadi karibu omu 1,000. Gawanya volti 230 kwa 1,000, unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Iandike namba hiyo kwa herufi kubwa, kisha chini yake weka kiwango cha mwili: kwenye miliampea 1 hivi mtu anahisi mwasho. Kuanzia takriban 10 hadi 16 misuli ya mkono inakaza na mtu mzima anaweza kushindwa kuachia alichoshika. Kwenye 30, kifua kinaweza kubanwa na pumzi ikawa taabu. Kuanzia kama 50 hadi 100 na kuendelea, kutegemea muda na njia umeme uliyopitia, moyo unaweza kuacha kupiga na kubaki ukitetemeka bila kusukuma damu.

Sasa uliza: "Breka ya ampea 16 itakatika?" Mpe kila mtu muda wa kufikiri. Miliampea 230 ni kama sehemu moja ya sabini ya ampea 16. Breka haitashtuka kabisa, maana kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Nimewahi kumwona fundi wa miaka ishirini kazini akikaa kimya mbele ya hesabu hii, kisha akasema taratibu, "Kumbe siku zote nilikuwa najitegemea mwenyewe."

Hapo ndipo unapoingiza ile breka ya uvujaji yenye kitufe cha majaribio, ambayo mafundi huiita RCD. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 au chini kidogo ya hapo, inakata haraka. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitumia miaka mingi kupima ni umeme kiasi gani unaomzuia mtu kuachia, na mwaka 1961 akabuni kifaa cha aina hii kinachotumika Marekani. Waeleze pia mpaka wake: ukishika laini (waya unaoleta umeme) kwa mkono mmoja na nyutro (waya unaourudisha) kwa mwingine, ukiwa umesimama kwenye ubao mkavu, yenyewe inaona umeme uliokwenda umerudi wote, kwa hiyo haikati. Na ikikatika mara mbili mfululizo, kazi ya mtumiaji ni kuacha kuirudisha na kumwita fundi. Iko tabia ya kuirudisha mara sita huku mtu akiilaani. Itaje mbele ya wote, watacheka, na wengine watainamisha macho.

Kwa kundi la tatu ongeza tao la umeme, yaani umeme unaoruka hewani kama cheche kubwa. Mwaka 1982 mhandisi Ralph Lee alichapisha andiko lililoonyesha kwamba joto la tao linaweza kufika karibu nyuzi 20,000 za Selsiasi, ilhali uso wa jua una kama 5,500. Bisibisi ikiteleza ndani ya bodi kubwa, fundi anaweza kuungua vibaya bila kugusa chochote chenye umeme. Kwa makundi mawili ya kwanza sentensi moja inatosha: bodi ikifunguliwa, ondoka mbele yake.

Hatua ya 3: Mpe kila mtu umeme wake

Mafunzo hupoteza watu pale mchomeleaji anapokalishwa kusikiliza habari za mashine ya kutoa nakala. Gawanya. Mambo ya ofisini ni machache na yanafundishika haraka: usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, usipitishe waya chini ya zulia, na usichanganye birika na hita kwenye ekstensheni moja. Ekstensheni ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 pamoja na hita ya wati 2,000 vimeshapita hapo. Ile ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu itolewe yote kabla ya kazi nzito, kwa sababu waya uliojiviringa unajipasha wenyewe mpaka plastiki inayeyuka. Basi, kwa ofisi inatosha.

Ujenzini kuna mengi zaidi. Ardhi imelowa, waya wa grinda unapondwa na toroli, drili inafanya kazi kwenye mvua ya manyunyu, na hakuna kitu kinachokaa mahali pake wiki mbili. Kabla ya zana kuwashwa asubuhi, kila anayeitumia apitishe waya wake wote vidoleni, kutoka plagi hadi shingoni mwa zana, akitafuta mkato, uvimbe na utepe wa kuunganishia. Waya uliofungwa utepe unarudi stoo, hauendi kazini. Uingereza, kwenye maeneo ya ujenzi, imezoeleka kutumia transfoma ya volti 110 ambayo katikati yake imeunganishwa na ardhi, hivyo anayegusa laini akiwa amekanyaga chini hukutana na volti 55 tu. Kama eneo lako halina mfumo huo, basi zana za betri na breka za uvujaji ndiyo kinga yako.

Nyaya za juu zipewe kipindi chake. Kanuni za Marekani zinataka kreni ikae angalau mita 3 kutoka kwenye nyaya za hadi volti 50,000, na mbali zaidi volti zikiongezeka. Lakini dereva akiwa ndani ya kibanda hawezi kukadiria mita 3 hewani, macho yanamdanganya. Awepo mtu wa chini ambaye kazi yake pekee ni kuangalia nafasi hiyo na kupiga kelele. Usimpe kazi ya pili, hata ya kushika kamba. Dereva afundishwe pia kwamba kreni ikigusa waya, abaki ndani. Kama inawaka moto na hana budi kutoka, aruke miguu ikiwa pamoja bila kushika gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuta nyayo zikiwa zimegusana. Umeme unaosambaa ardhini unapungua kadiri unavyotoka mbali na chanzo, kwa hiyo hatua ndefu inaweka mguu mmoja kwenye volti nyingi na mwingine kwenye chache, na tofauti hiyo inapita mwilini. Mfanye aruke kweli, kutoka kwenye benchi. Atacheka, lakini miguu itakumbuka.

Wachomeleaji wana imani kwamba mashine yao "haina umeme wa kuua" kwa kuwa wameguswa mara nyingi na hawakudhurika. Mashine ambayo bado haijaanza kuchomelea inaweza kuwa na volti 80 kwenye ncha. Ukiwa na glavu iliyolowa jasho, umelala ndani ya tangi la chuma, na unabadilisha fimbo bila kuzima, volti hizo zinatosha. Glavu kavu za akiba, mkeka wa kulalia na mtu wa nje mwenye uwezo wa kuzima: hivyo vitatu viwepo kabla ya kuingia tangini.

Mashambani, angalia mabomba marefu ya alumini ya kumwagilia. Mtu anayemfukuza sungura aliyejificha ndani ya bomba analisimamisha wima, na juu yake kuna nyaya. Angalia pia pampu za majini, hasa waya ulioungwa ndani ya maji.

Watu wa sola wafundishwe kitu ambacho hata mafundi wazuri wa umeme wa kawaida hukisahau: jua halina swichi. Paneli zilizounganishwa mfululizo zinaweza kufika volti 600 hadi 1,000, na zitaendelea kuwa na volti hizo hata ukizima kila kitu chini. Umeme wake ni wa mkondo mmoja (DC), usiogeuka mwelekeo. Umeme wa kawaida wa mizunguko 50 kwa sekunde hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo tao hupata nafasi ya kuzimika. Huu wa sola haupiti sifuri. Ndiyo maana kuchomoa kiunganishi cha paneli kikiwa kinafanya kazi huleta mwako unaoendelea. Zima mzigo kwanza, pima, ndipo uchomoe. Na kwenye betri, pete, saa na spana isiyofunikwa vibaki mfukoni kwa mwenzako.

Hatua ya 4: Kata, funga, thibitisha

Hiki ndicho kipindi cha kundi la tatu, na kichukue nusu siku, tena mbele ya mashine. Mpangilio unaofuatwa Ulaya kwa muda mrefu una kanuni tano: tenga umeme, zuia usirudishwe, thibitisha haupo, unganisha nyaya na ardhi pale volti zinapohitaji, na funika sehemu za jirani ambazo bado zina umeme. Kuzitaja ni rahisi. Zikaribie zaidi, hivi.

Mwite fundi mmoja mbele. Mpe kufuli lenye jina lake, ufunguo mmoja, na lebo. Mwambie atenge mota fulani. Kabla ya yote awaarifu wanaoitumia, kisha azime kwa kitufe cha kawaida, kisha ashushe swichi ya kutenganisha, siyo kitufe tu. Kufuli liwekwe kwenye swichi hiyo na ufunguo uingie mfukoni mwake, si kwenye msumari ukutani. Lebo isomeke: jina, tarehe, kazi inayofanyika. Wakiwa watu wanne kwenye mashine moja, kuna makufuli manne, na la mwisho likitoka ndipo mashine inarudi. Marekani iliandika utaratibu huu kuwa kanuni ya viwanda mwaka 1989, na mantiki yake haijabadilika: uhai wako haushikwi na ahadi ya mtu mwingine kwamba "nitakuwa nimesimama hapa."

Sasa ajaribu kuiwasha. Abonyeze kitufe cha kuwasha. Kimya? Vizuri, lakini bado hatujathibitisha. Huenda alishusha swichi ya mashine ya jirani na hii ilikuwa na hitilafu nyingine.

Kuthibitisha ni mita, na mita nayo inathibitishwa. Achukue kipimo cha ncha mbili. Akipeleke kwanza mahali anapojua kuna umeme, aone kinasoma. Kisha aje kwenye mota. Kwa mfumo wa laini tatu na nyutro, kuna vipimo 10: laini kwa laini mara tatu, kila laini kwa nyutro mara tatu, kila laini kwa ethi mara tatu, nyutro kwa ethi mara moja. Kisha arudi kwenye chanzo kile cha mwanzo aone kipimo bado kinasoma. Hatua hii ya kurudi ndiyo wanayoiruka, na ndiyo inayomwambia kwamba zile sifuri 10 hazikutokana na betri iliyokufa au waya wa kipimo uliokatika. Mtazame mikono: ukiona anapima laini mbili tu halafu anatikisa kichwa "hakuna," mrudishe mwanzo bila kumfokea.

Tesita ya bisibisi yenye kijitaa haikubaliki hapa. Kijitaa chake kinategemea mwili wako na sakafu uliyosimama, na kwenye mwanga mkali wa jua hukioni. Kutowaka kwake si ushahidi wa chochote.

Rangi za nyaya nazo zisiaminiwe. Kwenye mfumo wa zamani wa Kiingereza nyeusi ilikuwa nyutro, na bluu ilikuwa moja ya laini tatu. Kwenye mfumo wa sasa, ambao Uingereza ilianza kuuruhusu mwaka 2004, bluu ndiyo nyutro na nyeusi ni laini. Jengo lililoongezwa vyumba baada ya miaka ishirini linaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya bodi moja.

Kisha kuna umeme uliojificha. Kidhibiti mwendo cha mota, kile ambacho wengi hukiita inveta, kikilishwa volti 400 kinahifadhi takriban volti 560 za mkondo mmoja kwenye kapasita zake (vifaa vya kuhifadhi chaji), na kinabaki nazo dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Soma muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake, ungoje, kisha upime kwa mkondo mmoja. UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, inaweza kulisha saketi uliyoikata. Jenereta iliyochomekwa kiholela inaweza kurudisha umeme hadi kwenye nyaya za mtaani, akauawa fundi wa laini aliye mbali ambaye hamfahamiani. Kila mashine iwe na karatasi moja ubavuni: vyanzo vyake vyote vya umeme na swichi ya kila kimoja. Kuiandika karatasi hiyo ni zoezi zuri la darasani. Wagawe wawili wawili, watembee, waandike, kisha walinganishe. Hawatafanana, na hapo ndipo mjadala wa maana unapoanza.

Hatua ya 5: Glavu na nguo

Vifaa vya kujikinga nimeviweka baada ya kufuli kwa makusudi. Mtu akifundishwa glavu kwanza, anadhani glavu ni ruhusa ya kufanya kazi kwenye umeme hai.

Glavu za mpira za fundi umeme zina madaraja: daraja 00 ni hadi volti 500, daraja 0 hadi 1,000, na kuendelea juu hadi daraja 4 lenye volti 36,000. Juu yake huvaliwa glavu ya ngozi, maana mpira ukichanwa na ncha ya waya hauna thamani tena. Kanuni za Marekani zinataka zipimwe kwa umeme kabla hazijatolewa kwa mara ya kwanza na kila miezi 6 baada ya hapo. Lakini kipimo cha kila siku kinafanywa na mkono wako. Shika mdomo wa glavu, nasa hewa ndani, uviringishe kuelekea vidoleni mpaka glavu ivimbe kama puto, iweke karibu na shavu na sikio, usikilize. Mimi huwa napitisha jozi mbili darasani, moja nimeitoboa kwa sindano nyembamba. Wanaoitazama kwa macho huikubali. Wanaoijaza hewa huihisi ikipuliza shavuni.

Nguo za poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mafundi wa bodi kubwa wavae nguo zisizoshika moto zenye kiwango kinacholingana na bodi wanayofungua. Mita yao iwe na alama ya CAT III (daraja la usalama la kipimo) kwa bodi za ndani, na CAT IV pale umeme unapoingilia jengoni.

Hatua ya 6: Mtu amenasa

Hapa wote wanarudi pamoja, na hapa usiongee sana. Laza mwanasesere sakafuni, mkono wake juu ya kipande cha waya usio na umeme, kisha mwambie mmoja: "Huyu ni mwenzako, amepigwa shoti, bado amenasa." Karibu kila mara anamkimbilia na kumshika. Wapo wawili sasa. Rudia mpaka mwili wake ujifunze kukimbilia swichi kwanza. Tumia saa: kutoka pale alipo hadi kwenye swichi sahihi, sekunde ngapi? Ikiwa mlango wa chumba cha bodi umefungwa na ufunguo uko kwa mlinzi, mmeligundua leo bila hasara.

Umeme wa kawaida ukishindikana kuzimwa, msukume kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama ubao au ufagio wa mti, ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Umeme mkubwa wa nguzoni hauna njia hiyo: kaa angalau mita 10, zuia watu, piga simu shirika la umeme, ungoje uthibitisho kwamba wamekata.

Akishaachana na umeme, kama hapumui kawaida, mmoja aite msaada, mwingine aanze kubonyeza katikati ya kifua: kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama kuna mashine ya kushtua moyo, iletwe na iwashwe, yenyewe itatoa maelekezo. Kila mtu abonyeze dakika mbili kamili, na wengi watashangaa jinsi inavyochosha, ndiyo sababu ya kupokezana. Aliyepigwa na kusimama mwenyewe akisema "niko sawa" apelekwe hospitali pia. Umeme unaweza kuunguza ndani ukaacha alama ndogo tu nje, na mapigo ya moyo yanahitaji kuangaliwa.

Moto wa umeme: kata umeme, tumia kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi au cha unga. Ndoo ya maji ikae mbali.

Hatua ya 7: Mtihani wa mikono, kisha sahihi

Karatasi ya mahudhurio ibaki mezani mpaka mwisho. Tengeneza ubao wa mazoezi usiounganishwa na umeme, uupandikize makosa: plagi isiyo na ethi ndani, waya wa grinda uliobanwa utepe, breka kubwa kuliko waya wake, lebo isiyo na jina. Kundi la kwanza na la pili watafute makosa. Kundi la tatu watenge mashine ya kweli mbele yako kuanzia kufuli hadi kipimo cha mwisho. Aliyefaulu anasaini. Asiyefaulu anarudia siku nyingine, na hata mkuu wa idara arudie kama wengine. Nimewahi kumrudisha bosi wangu mwenyewe, na hakununa kwa muda mrefu.

Andika tarehe ya marudio. Kiwango cha Marekani cha NFPA 70E kinataka mafunzo ya wanaofanya kazi za umeme yarudiwe kwa muda usiozidi miaka 3, na kanuni ya makufuli inataka utaratibu ukaguliwe kila mwaka. Mgeni, kibarua na mkandarasi wapate somo la kundi lao kabla ya kugusa kitu, hata kama wamekuja kwa siku moja. Weka daftari la "nusura": mahali ambapo mtu anaandika alichonusurika bila kutafutwa wa kulaumiwa. Likikaa tupu miezi sita, watu wanaogopa kuandika. Usilihesabu kuwa usalama.

Kwa kundi la tatu nina swali la mwisho, la mdomo. Ni saa moja usiku, uzalishaji umesimama, msimamizi anapaza sauti, na kwenye swichi kuna kufuli la fundi aliyemaliza zamu saa kumi. Ufanye nini? Jibu ninalolitafuta lina mpangilio: mtafute kwa simu, hakikisha kwa macho kwamba hayumo ndani wala juu ya mashine, kagua mashine yenyewe, kufuli liondolewe na msimamizi aliyeidhinishwa na liandikwe kwenye daftari, na mwenye kufuli aambiwe kabla hajaanza kazi kesho asubuhi ili asidhani bado linamlinda. Anayeanza kwa kuuliza mkasi wa vyuma uko wapi, namrudisha hatua ya 4.